Oktani ya juu haitapunguza ulaji wa mafuta wa IST yako. Anza na thamostati

#1 Spana Kumi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakishatoa bei mpya, maswali humu ni yale yale. Sheli gani ina mafuta "mazito"? Kile kichupa cha oktani busta kinachouzwa pembeni ya pampu kinasaidia? Petroli ya namba kubwa inakwenda mbali zaidi? Leo naandika kirefu, nikiulizwa tena nitaweka linki tu.

Jibu fupi kwa wenye IST, Vitz, Raum, Spacio, Probox, Corolla na ndugu zao: oktani ya juu haikuongezei hata kilomita moja. Mafuta yanapotea kweli, sibishi, ila hayapotelei huko.

Oktani si nguvu ya mafuta wala usafi wake. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kugandamizwa na kupashwa joto ndani ya silinda bila kujiwasha yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Maabara wanailinganisha na vimiminika viwili: isooktani, ambayo imepewa 100, na heptani, ambayo imepewa 0. Petroli ya 95 inavumilia sawasawa na mchanganyiko wa isooktani 95 kwa heptani 5. Basi. Hakuna mahali kipimo hicho kinaposema lita moja itakusogeza umbali gani.

Injini inayogandamiza sana, au yenye turbo, inahitaji namba kubwa. Injini ya 1NZ-FE, ile ya 1.5 iliyojaa mitaani kwetu, inagandamiza 10.5 kwa 1, na Toyota waliitengeneza inywe petroli ya kawaida ya Japani. Huko kwao petroli ya kawaida inaanzia oktani 89, na ile ya bei inaanzia 96. Petroli halali ya pampu zetu iko juu ya hiyo 89. Kwa maneno mengine gari yako imeshapata zaidi ya ilichoomba tangu ilipotoka bandarini, na ukiiongezea tena haina pa kuipeleka.

Wanaohusika na namba kubwa wapo: Subaru zenye turbo, VW za TSI, Mercedes na BMW nyingi. Fungua kifuniko cha tenki usome kibandiko. Kimeandikwa 95, weka 95. Kimeandikwa 98, hilo ni suala jingine na tutaliongea.

Oktani inakuuma pale inaposhuka chini ya mahitaji, yaani mafuta yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno. Yakichanganywa kwenye petroli, injini inaanza kugonga, unasikia ukipanda mlima sauti kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo. Gari za kisasa zina sensa ya kugonga; ikisikia, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inachelewesha cheche ili kuiokoa injini. Gari inapoteza nguvu, wewe unakanyaga zaidi, na mafuta yanakwenda. Hapo utasikia mtu anasema "sheli ile mafuta yake mepesi". Hakukosea kuona tatizo, sababu ndiyo siyo hiyo. Ndiyo maana EWURA walianzisha vinasaba, yaani alama ya kemikali inayowekwa kwenye mafuta ili uchakachuaji ugundulike, mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusilipe.

Sasa nani gari yake inabugia? Weka hapa aina ya gari, injini, na kilomita kwa lita. Ila pima kwanza, usiniletee "naona kama inakula".

#2 Ngongo wa Tegeta

Ngoja nikae hapa mbele kabisa na kiti changu, wajuvi waje.

#3 Kimara Mwisho

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nina IST 1.5, nafanya Kimara – Posta kila siku. Elfu thelathini zamani ilinitosha siku kadhaa, sasa hivi nikigeuka mshale uko chini. Nimebadilisha plagi, eya klina, nimeosha nozeli, fundi amesema sasa nibadilishe pampu ya mafuta. Kupima kwa lita sijui inapimwaje.

#4 Spana Kumi

@Kimara Mwisho tuanze na kupima, maana "elfu thelathini" si kipimo. Bei ya mwezi huu si ya mwezi uliopita.

Jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe, usiongeze. Weka trip, kile kihesabu cha kilomita kwenye dashibodi, sifuri. Endesha maisha yako ya kawaida mpaka robo tatu ya tenki iishe. Rudi kituo kile kile, ikiwezekana pampu ile ile, jaza tena hadi ikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizoweka sasa. Mfano: trip inasema 390, umeweka lita 32.5, gari inakwenda km 12 kwa lita. Rudia kabla hujaamini, maana tenki moja lina bahati zake.

Usilinganishe na zile namba za katalogi ya Kijapani. Magari mengi tunayoagiza yalipimwa kwa mtindo wao wa 10-15, jaribio la maabara ambalo kasi yake ya juu ni km 70 kwa saa, hakuna AC, hakuna foleni ya Ubungo. Linganisha gari yako na gari yako ya mwezi uliopita.

Sasa swali moja kabla hujanunua pampu. Ukiwasha asubuhi, ile taa ya bluu ya joto kwenye dashibodi inachukua muda gani kuzimika? Na je, ukiwa barabara nyeupe usiku inarudi kuwaka?

#5 Kimara Mwisho

Eh! Inachukua muda sana, nafika karibu na Ubungo bado. Na kweli nikienda Bagamoyo usiku inawakaga halafu inazima. Fundi alisema ni dalili nzuri, gari haichemshi.

#6 Spana Kumi

Wakuu, hapa ndipo nilipotaka tufike, na naomba mnivumilie niandike.

Kuna mazoea yametapakaa gereji zetu: gari ikichemsha mara moja, fundi anafungua, anatoa thamostati, anaitupa, anakwambia "hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu joto haihitajiki". Akizidisha huruma anaunga na feni moja kwa moja, izunguke muda wote swichi ikiwa on. Gari kweli haichemshi tena. Unamlipa, unamshukuru.

Sasa angalia kilichotokea ndani. Thamostati ni mlango kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi mlango unafungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Kwa hizi NZ mlango unaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Ukiutoa, maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na kadiri unavyokwenda kasi upepo unavyozidi kuyapoza. Injini inabaki vuguvugu.

Kontroli boksi haina macho. Inasoma sensa ya joto la maji, na sensa ikisema injini bado baridi, inamwaga petroli ya ziada, kwa sababu kwenye injini baridi sehemu ya petroli haigeuki mvuke vizuri, inaganda kwenye kuta. Hicho ni kipindi cha dakika chache asubuhi. Wewe umekigeuza kuwa maisha.

Si hayo tu. Gia otomatiki nyingi za Toyota haziruhusu gia ya juu kufunga sawasawa mpaka maji yapate joto, kwa hiyo unakwenda barabara kuu mzunguko wa injini uko juu kuliko inavyopaswa. Na petroli ile isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, ringi zinalika. Ukinusa dipstiki ukapata harufu ya petroli, usishangae.

Nchi ya joto haina uhusiano na hili. Joto la Dar la nyuzi 32 na hizo 82 za injini ni vitu viwili tofauti kabisa. Japani kwenyewe Agosti ni moto, na thamostati ziko ndani ya gari.

Kama gari ilichemsha, ilichemsha kwa sababu: rejeta imeziba, kifuniko chake hakishiki presha, feni haiwaki kwa wakati, maji yanavuja, au kuna aliyekuwa anaweka maji ya bomba badala ya kulanti mpaka kutu ikajaa. Tafuta hicho. Kutoa thamostati ni kuficha ugonjwa na kuanza kuulipia petroli.

@Kimara Mwisho mwambie fundi afungue pale bomba la maji linapoingia kwenye injini akuonyeshe kama kuna kitu. Usinunue pampu.

#7 Chuma Chakavu

Mkuu mimi fundi miaka mingi na gari nimezitoa thamostati nyingi tu, zinadunda hadi leo. Hizi nadharia za mitandaoni. Gari inakula mafuta kwa sababu watu wananunua mafuta mabovu na plagi feki basi.

#8 Spana Kumi

@Chuma Chakavu heshima yako kaka. Kwenye plagi feki niko nyuma yako mia kwa mia, boksi linafanana hadi hologramu. Lakini "inadunda" na "inakula kidogo" ni mambo mawili. Chomeka mashine ya kusoma hitilafu kwenye gari isiyo na thamostati, iendeshe km 80 kwa saa kwa muda, soma joto la maji. Ikikaa chini ya 70 na kodi (namba ya hitilafu) P0128 ikatokea, mwenyewe utajua. Hiyo kodi kazi yake ni moja tu, kusema injini haifikii joto lake. Siku hizi kifaa kidogo cha bluetuthi cha kuchomeka chini ya usukani pamoja na simu vinatosha, huhitaji mashine ya mamilioni.

#9 Mama Raum

Kaka Spana, na sisi wenye taa ya injini iliyowaka tangu tulipoinunua? Fundi wangu alisema ni sensa tu, haina madhara, niweke selotepu 😂

#10 Spana Kumi

@Mama Raum dada yangu, selotepu toa. "Sensa tu" inategemea ni ipi. Nyingi nilizoona zinatokana na masega (kile kichujio kwenye bomba la moshi) yaliyokatwa yakauzwa, inasoma P0420. Hiyo ni sensa ya nyuma kulalamika kwamba kichujio cha moshi hakipo, na yenyewe kwa kawaida haibadilishi sana ulaji. Hewa tunayovuta ndiyo inaumia, lakini hiyo ni hasara ya jirani, si ya tenki.

Sensa ya oksijeni ya mbele ndiyo mwizi. Hiyo ndiyo inaambia kontroli boksi mchanganyiko uko sawa au umezidi petroli. Ikifa, kompyuta inakisia, na inapokisia inaegemea upande wa kuzidisha. Wamarekani, idara yao ya nishati, wanasema kurekebisha tatizo kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa kunaweza kuboresha ulaji hadi asilimia 40. Zingatia "hadi". Marekebisho ya kawaida ya injini iliyolegea wanayapa kama asilimia 4 kwa wastani.

Soma kodi kabla ya kubadilisha chochote. Kubadilisha vitu kwa kubahatisha ndiko kunakomaliza hela za watu.

#11 Jirani wa Nakuru

Wadau, salamu kutoka Kenya. Huku EPRA hutangaza bei tarehe 14 kila mwezi na presha yetu ni kama yenu tu. Swali: mimi naendesha Fielder, na kuna petroli ya bei ghali, kama V-Power, jamaa huapa gari inakuwa nyepesi na inasonga mbali. Ni uongo?

Pia makanika wangu alinishow kwamba huku Nakuru kwa sababu tuko juu, hewa ni nyepesi, gari hula mafuta zaidi. Kweli?

#12 Spana Kumi

@Jirani wa Nakuru karibu sana. Tenganisha mambo mawili ambayo matangazo yanayachanganya: oktani, na viongezi vya kusafisha. Petroli nyingi za bei zina dawa zinazozuia masizi kujikusanya kwenye nozeli na valvu. Hilo ni jambo la kweli. Kama nozeli zako zimechafuka, ukitumia matenki kadhaa unaweza kuona mabadiliko kidogo. Kama ni safi, hutaona kitu, unalipia harufu. Na ukiona mabadiliko, usiseme ni oktani.

Kuhusu mwinuko, makanika wako kageuza kidogo. Hewa ikiwa nyepesi kila pigo la pistoni linavuta oksijeni kidogo, kwa hiyo nguvu zinapungua, hilo utalisikia ukipanda na mzigo. Lakini mgandamizo halisi ndani ya silinda nao unapungua, kwa hiyo mahitaji ya oktani yanashuka, hayapandi. Nakuru, Mbeya, Njombe, huko ndiko oktani kubwa ina kazi ndogo kuliko Dar. Gari ya nozeli inapima hewa na kupunguza petroli yenyewe. Zile za kabureta ndizo zilikuwa zinabaki na petroli nyingi kuliko hewa, pengine ndiko maneno ya makanika yalikotoka.

#13 Mbongo wa Denver

Nathibitisha hilo la mwinuko. Mimi nipo Colorado, mji wetu uko mita 1,600 hivi juu ya bahari. Pampu za huku zinaandika 85, 87 na 91, wakati majimbo ya chini yanaanzia 87. Hiyo 85 ilitokana na enzi za kabureta, na watengenezaji wa magari ya sasa wanasema tuweke 87 hata huku juu.

Msishtuke kuona namba ndogo lakini. Wamarekani hawaandiki RON, kipimo cha oktani kinachotumika huko nyumbani, wanaandika wastani wa RON na MON, ambacho ni kipimo kikali zaidi na hutoa namba ndogo. 87 yao ni kama 91 au 92 ya huko. Ndugu zetu wanaokuja likizo wanarudi na hadithi kwamba Marekani wanatumia petroli hafifu, si kweli.

Na kuhusu kuweka ya bei kwenye gari isiyoihitaji, AAA, chama kikubwa cha wenye magari huku, walilipima mwaka 2016. Hawakuona faida ya maana, si nguvu, si umbali, si moshi. Wakakadiria madereva wa Marekani wanatupa zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka.

#14 Ngongo wa Tegeta

Bilioni mbili za dola!!! Na sisi tunagombania kichupa cha elfu kumi na tano.

#15 Dereva wa Probox

Mtaalamu, eya klina mbona hujaigusa? Na upepo wa matairi? Mimi napakia mzigo Kariakoo, naweka upepo kwa kupiga teke.

#16 Spana Kumi

Eya klina: kwa gari ya nozeli, kichujio kichafu kinakunyima nguvu, ulaji haubadiliki sana, kwa sababu kompyuta inapima hewa iliyoingia na kuweka petroli ya kiasi hicho. Badilisha kwa ajili ya injini, usitegemee miujiza kwenye tenki. Najua kila gereji inaanzia hapo. Inaanzia hapo kwa sababu ni rahisi kufungua.

Upepo ni habari nyingine. Teke lako halina geji, mkuu. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko kimeandikwa kPa, kwa mfano 220, na pembeni 2.2. Hiyo 220 ni kama psi 32. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi. Gari ya mzigo kama Probox kibandiko kina mstari wake wa mzigo, nyuma inapanda, soma huo. Kila psi moja ikipungua kwenye matairi yote ni kama asilimia 0.2 ya mafuta. Ndogo ukiisikia hivyo, lakini mtu mwenye psi 20 badala ya 32 anapoteza zaidi ya asilimia 2 ya mafuta kila siku, na tairi linalika mabega juu yake.

Ukishamaliza upepo, kagua breki. Baada ya safari fupi ambayo hukutumia breki sana, weka kiganja karibu na kila rimu, usiguse. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, kaliper inashika na unaendesha huku umefunga breki. Gari zilizokaa muda mrefu bandarini au zinazopita maji ya chumvi zina ugonjwa huu sana. Probox nyuma ni ngoma, handibreki iliyokazwa kupita kiasi inafanya kitu kile kile.

Oili, haraka haraka: hizi NZ zinataka nyepesi, 5W-30. Ukimwagiwa 20W-50 kwa sababu "injini imechoka" utapoteza asilimia moja mbili hivi. Kama injini haili oili, hakuna sababu.

#17 Kimara Mwisho

Wakuu mrejesho. Fundi kafungua, hakuna kitu ndani, tundu tupu. Na feni imeungwa direkti kama mkuu Spana alivyosema. Amekiri aliyemiliki kabla yangu ndiye aliyefanya, yeye hakujua. Ameuliza niweke ya namna gani, ipo ya nyuzi 76 dukani anasema ndiyo ya nchi za joto.

#18 Spana Kumi

Usichukue ya 76. Chukua ya joto lile lile la kiwandani, namba imechongwa kwenye chuma chenyewe, pamoja na gasketi yake mpya. Rudisha waya wa feni ulivyokuwa, jaza kulanti, toa hewa kwenye mfumo ukiwa umewasha hita hadi mwisho. Kabla ya kufunga akague rejeta na kifuniko chake, maana sababu ya yule wa kwanza kuitoa inaweza ikawa bado ipo, na ukirudisha thamostati juu ya rejeta iliyoziba itachemsha kweli halafu mtanitukana humu.

Baada ya hapo jaza tenki, weka trip sifuri.

#19 Mzee wa Turbo

Na sisi wa Forester XT? Kibandiko changu kina Kijapani, nimeambiwa ni 'haioku'.

#20 Spana Kumi

Haioku ndiyo ile ya 96 kwenda juu. Gari yako ni kati ya zile chache ambazo namba ina maana. Ukiwa na petroli ya chini yake sensa ya kugonga itailinda ukiendesha kwa upole, lakini nguvu na ulaji vyote vitaathirika, na hatari iko pale unapokanyaga mwisho ukiwa na mzigo mlimani, turbo imejaa. Kitonga usishindane na mabasi. Tafuta kituo kinachoandika namba ya oktani waziwazi, na kabla ya oktani busta soma kama kichupa kinasema kinapandisha "pointi" ngapi. Nyingi zikisema pointi 5 humaanisha 0.5 ya oktani.

Na kabla hujalaumu mafuta, koili na plagi za hizo injini za boksa, zenye silinda zilizolala, huwa zimechoka. Kuzifikia ni kazi, mafundi wengi wanaruka.

#21 Hiace ya Mbagala

Dizeli je? Oktani ngapi?

#22 Spana Kumi

Dizeli haina oktani, ina setani, na inafanya kazi kinyume: huko unataka mafuta yajiwashe yenyewe haraka. Fungua uzi wake mkuu, nitakuja. Lete aina ya injini na rangi ya moshi.